Valvu ya kuingiza hewa: tulipu, msumari, mgongo uliochongwa au siti ya digrii 30?

Hedi, yaani kichwa cha injini, iko mezani, imeoshwa kwa mafuta ya taa. Valvu zimechomekwa kwenye kadibodi iliyotobolewa matundu na kuandikwa namba ili zisichanganyike. Mwenye gari amesimama pembeni, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu kuna picha ya valvu inayong'aa, shingo yake imejaa na kushuka taratibu hadi kichwani kama mdomo wa tarumbeta.

"Fundi, hizi nimeambiwa zinavuta hewa nyingi. Niagize?"

"Mzee wangu, nishikie tochi kwanza."

Namulika ndani ya njia ya hewa, ile mafundi tunayoiita poti, naangalia hewa inakuja kutoka wapi na inakata kona gani kabla ya kufika kwenye siti, ile pete ambayo valvu huikalia ikifunga. Picha ya valvu peke yake haiwezi kujibu swali la huyu mzee. Valvu ileile inayofanya vizuri kwenye hedi moja inaweza kuziba hedi ya jirani yake. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, tuziweke njia nne mezani pamoja. Nazungumzia valvu ya kuingiza hewa tu. Ya moshi ina kesi yake, hasa ya joto, na hapa siigusi.

Vipimo kwanza

Kipimo cha kwanza ni kimo, yaani valvu inainuka kiasi gani. Chukua valvu yenye kichwa cha milimita 40. Ikiinuka milimita 2, hewa inapenya kwenye mwanya unaozunguka kichwa chote: mzingo mara kimo, kama milimita za mraba 251. Koo la siti, tuseme, lina kipenyo cha milimita 35, na katikati yake limesimama shina la milimita 7. Ukitoa shina, nafasi inayobaki ni milimita za mraba 924 hivi. Maana yake mlango ni mwembamba karibu mara nne kuliko korido inayouendea. Endelea kuinua valvu, na ikifika milimita 7.4 hivi mlango na korido vinalingana. Kuanzia hapo kinachobana ni koo na kona iliyo nyuma yake, wala hata ukiinua zaidi hupati kikubwa.

Mafundi wengi huitazama valvu ikiwa wazi kabisa. Lakini kila inapofunguka hupita kwenye kimo kidogo mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na kileleni hufika mara moja tu. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mwendo mzima wa pistoni kushuka na kuvuta hewa unachukua sekunde moja ya mia. Kwa mizunguko 6000 ni nusu ya hapo. Ndani ya muda huo mfupi, milimita 2 za kwanza zina uzito wake.

Kipimo cha pili ni kona. Hewa ikipita taratibu hubaki imeshikamana na ukuta. Ikikata kona kali kwa kasi huuachia, na pale ilipoachia kunabaki hewa inayojizungusha, inayokula nafasi bila kazi. Kwenye valvu mambo huenda hivi: mwanya ukiwa mdogo hewa huujaza wote, imegusa valvu huku na siti huku. Valvu ikipanda, hewa huanza kuachia upande wa valvu, kwenye ule ukingo wa ndani wa uso unaokaa kwenye siti. Ikipanda zaidi huachia na upande wa siti, ikawa kama maji yanayoruka kutoka kwenye mpira. Karibu kila ujanja wa umbo la valvu unalenga kuchelewesha kuachia huko.

Cha tatu ni uzito. Nguvu ambayo springi inahitaji ili valvu iufuate mgongo wa kamshafti, ile shafti inayoisukuma ifunguke, hupanda kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 5000 hadi 6000 ni ongezeko la asilimia 44. Gramu chache ambazo huzihisi mkononi zinaonekana huko juu, pale valvu inapoanza kuelea na kuchelewa kufunga.

Cha nne ni kuziba na kudumu: siti inashikaje, na itakaa muda gani kabla ya kuzama. Cha tano ni mfuko, na ndani ya mfuko nahesabu pia kama mjini kwenu kuna mtu mwenye mashine ya kuifanya kazi hiyo.

Kabla ya kuendelea, jiulize kama injini yako ina njaa ya hewa kweli. Livengood na Stanitz, katika ripoti iliyotolewa mwaka 1943 na NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, waliunganisha ukubwa wa valvu, umbo lake na kimo chake katika hesabu moja: kasi ya wastani ya hewa mlangoni ikilinganishwa na kasi ya sauti. Ikipita takriban nusu ya kasi ya sauti, silinda huanza kujaa pungufu. Nimepiga hesabu hiyo kwa silinda ya kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86, yenye valvu moja ya milimita 40, nikachukulia kwamba valvu kwa wastani inapitisha asilimia 35 ya kile ambacho eneo la kichwa chake lingepitisha. Kwa mizunguko 3000 jibu ni theluthi moja ya kasi ya sauti. Kwa 6000 ni theluthi mbili. Injini ileile, basi, kwa 3000 haijui kama valvu yake ni nzuri au mbaya, na kwa 6000 inaanza kulia. Kama gari lako linashinda kwenye 2500 likibeba magunia, weka jibu hilo kichwani unapoendelea kusoma.

Tulipu

*Umbo.* Kutoka shinani chuma kinanenepa taratibu na kumiminika hadi kwenye ukingo wa kichwa. Mgongo, yaani upande wa kichwa unaotazama shina, una mteremko mkali na shingo imejaa.

*Kimo kidogo.* Hewa inafika kwenye mwanya ikiwa tayari imeelekezwa nje, kwa hiyo haishtuki sana. Vizuri, kama tu hewa hiyo inateremka kutoka juu.

*Kimo kikubwa.* Hapa ndipo tulipu inang'ara au inaaibika. Kwenye njia ya hewa inayoshuka karibu wima, sambamba na shina, lile tarumbeta linaigawanya hewa pande zote kwa upole. Ndiyo maana utaikuta kwenye hedi za mashindano ambazo njia zake zimeinuliwa. Njia ikija kwa ubavu, karibu mlalo, halafu ikalazimika kukata kona ya karibu digrii 90 juu ya siti, shingo nene inakaa palepale hewa inapotaka kugeukia. Umeongeza chuma mahali palipohitaji nafasi.

Hilo nimelijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na pikapu ya zamani, injini ya fito za kusukuma valvu, njia za hewa zimelala kabisa. Mteja alileta seti ya tulipu kutoka kwa muuzaji mmoja, tukazisaga, tukafunga. Gari likawaka vizuri, likatembea vizuri, na juu halikuongeza kitu. Tulipoirudisha hedi mezani nilitengeneza kipimo cha kienyeji: mashine ya kufyonza vumbi, bomba la plastiki lenye kipenyo cha silinda, na mpira mwangavu uliopindwa kama herufi U wenye maji ya rangi. Maabara zenye benchi za kweli za kupimia hewa hupima mara nyingi kwa mvuto wa inchi 28 za maji, ambao ni milimita 711. Sisi tulipata tulichopata. Kwa kulinganisha valvu mbili kwenye hedi moja inatosha, ili mradi mvuto usibadilike.

Hadi milimita 4 tulipu ilikwenda sawa na valvu ya zamani. Baada ya milimita 6 ikabaki nyuma. Kijana wangu akafunga uzi wa kushonea kwenye ncha ya waya na kuuingiza njiani. Upande wa ukuta wa juu uzi ulinyooka kama mstari. Kwenye kona fupi, pale sakafu ya njia inapoinama kuingia kwenye siti, uzi ulitetemeka, ukajikunja, kisha ukarudi nyuma kuelekea ilikotoka hewa. Hewa ilikuwa inarudi! Tulizitazama zile valvu za bei mbaya zikiwa mezani, hakuna aliyesema neno.

*Uzito.* Kwa chuma kilekile na kichwa cha ukubwa uleule, tulipu ni nzito. Wanaokimbia sana huziagiza za titani, ambayo ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma kwa ujazo uleule (4.5 dhidi ya 7.8), au huchonga shina liwe jembamba chini ya gaidi, ile bomba inayoliongoza shina.

*Kuziba na kudumu.* Haina tatizo, shingo nene ni imara. Ila usichanganye umbo hili na ugonjwa unaofanana nalo: valvu iliyopikwa na joto na kubonyezwa hadi kichwa kikazama kama sahani. Ukikuta hiyo, tupa.

*Mfuko.* Kwa injini nyingi za kwetu ni ya kuagiza.

*Inamfaa* mwenye hedi ya njia zilizosimama, kamshafti yenye kimo kikubwa, na mguu usioogopa mizunguko ya juu.

Kichwa cha msumari

*Umbo.* Shina jembamba, kisha kichwa bapa ghafla, mgongo umelala kwa digrii 10 hadi 15 hivi. Ukiishika inafanana kweli na msumari wa bati.

Jina hili lina historia yake Marekani. Buick walipotoa injini yao ya V8 mwaka 1953 waliiwekea valvu ndogo zilizosimama wima, na watu wakaipachika jina la kichwa cha msumari. Hapo walikuwa wanataja sura ya valvu zile na jinsi zilivyopangwa. Ukisikia mtu anasema "injini ya msumari", muulize kama anaongelea Buick au umbo la mgongo.

*Kimo kidogo.* Ni ya kawaida. Hewa inateremka, inakutana na mgongo bapa na kugeuzwa ghafla. Ukingo wa ndani wa uso ukiachwa mkali, hewa inaachia mapema. Udhaifu huu unatibika, na dawa yake ni njia ya tatu hapa chini.

*Kimo kikubwa.* Kwenye njia iliyolala ndiyo rafiki. Wembamba wa shingo unaacha nafasi kwenye chungu, yaani ule uwazi ulio juu ya siti, na hewa inayotoka ubavuni inapata pa kugeukia. Kwenye njia iliyosimama wima mambo yanapinduka: hewa inashuka kwa kasi na kuupiga mgongo bapa kama ukuta.

Injini ya A-Series ya Waingereza, iliyobeba Morris Minor na Mini, ni mfano mzuri wa hedi ya aina hii: valvu zimesimama, njia zinaingia kwa ubavu. Chumba chake cha mwako kilibuniwa na Harry Weslake, mtu aliyekuwa akipima hewa kwenye hedi wakati wengine bado wanakisia. Ukiwa na moja ya hizo banda la nyuma, tulipu isahau.

*Uzito.* Ni nyepesi kuliko zote nne, na springi inakushukuru.

*Kuziba na kudumu.* Kichwa chembamba kinapinda kirahisi kikikutana na springi ngumu kupita kiasi au mshindo mkali wa kufunga. Usikichonge ukakifanya chembamba zaidi ili upunguze gramu.

*Mfuko.* Mara nyingi valvu uliyo nayo tayari iko upande huu au katikati, kwa hiyo gharama ni sifuri.

*Inamfaa* mwenye injini ya zamani ya valvu mbili kwa silinda, na yeyote ambaye tochi imemwonyesha kona kali.

Mgongo uliochongwa

Hii ni kazi ya mashine juu ya valvu uliyo nayo. Uso wa valvu nyingi umekatwa kwa digrii 45, au 44.5 kama Toyota wanavyoandika kwenye vitabu vya injini zao nyingi, ili ukingo ushike haraka kwenye siti. Mkerezaji anaongeza mkato wa pili wa digrii 30 nyuma ya uso huo, upande wa shina. Ule ukingo mkali ambako hewa huachia unageuka ngazi mbili za upole.

*Kimo kidogo.* Hapa ndipo faida yote ilipo, kuanzia valvu inapoachana na siti hadi karibu nusu ya kimo. Kwenye pikapu ile niliyoisema, tulirudisha valvu za zamani, tukazichonga mgongo, na maji kwenye mpira yakasogea kwa milimita 2, 3 na 4. Juu ya hapo hayakusogea.

*Kimo kikubwa.* Karibu hakuna kitu. Wapo wanaopoteza kidogo.

*Uzito.* Unapungua kwa chembe. Tusidanganyane.

*Kuziba na kudumu.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hedi zinapoharibiwa. Mkato wa nyuma unaula uso. Ukiingia sana, sehemu inayogusa siti inabaki uzi, haipitishi joto vya kutosha na inaliwa upesi. Kwa injini za petroli za kawaida, mgusano wa milimita 1 hadi 1.4 ndio ninaoutafuta upande wa kuingiza hewa. Namna ya kupima ni rahisi: paka wino wa kalamu nene kwenye uso wote wa valvu, iweke kwenye siti, ibonyeze na uizungushe robo ukienda na kurudi, kisha itoe. Mstari uliofutika ndio mgusano wako. Uwe mzima bila kukatika, upana uleule kuzunguka, na uso wa valvu ubakize wino kidogo juu na chini yake. Baada ya hapo ndipo unachonga mgongo, na unachonga ule wino wa ndani tu. Anayechonga kwanza na kupima baadaye anakuuzia valvu mpya.

Na siti nayo ina upande wake. Mikato mitatu, 30 juu, 45 katikati na 60 kooni, inafanya kwa siti kile mgongo uliochongwa unachofanya kwa valvu. Ukipata mkerezaji anayefanya yote mawili kwa siku moja, mlipe na soda.

*Mfuko.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Unahitaji mashine ya kusaga valvu inayokubali kubadilishwa pembe, na mtu mwenye subira.

*Inamfaa* karibu kila mtu anayefungua hedi kwa sababu nyingine: gasketi imeungua, sili za valvu zimekufa, moshi wa buluu asubuhi. Siyo sababu ya kufungua hedi iliyo salama.

Siti ya digrii 30

*Umbo.* Mgongo unaweza kubaki ulivyo, kinachobadilika ni pembe ya uso na siti kwa pamoja. Nasisitiza kwa pamoja. Valvu ya 45 kwenye siti ya 30 inagusa kwa mstari mmoja, na haitaziba hata ukiisaga hadi jioni.

*Kimo kidogo.* Inashinda, na hesabu yake haina fumbo. Mwanya halisi hupimwa kwa digrii 90 kutoka kwenye uso. Valvu ikiinuka milimita 2, uso wa digrii 45 unaacha mwanya wa milimita 1.41, na wa digrii 30 unaacha 1.73. Hilo ni ongezeko la asilimia 22 bila kuongeza kipenyo wala kugusa kamshafti. Pontiac waliitumia pembe hii upande wa hewa kwenye V8 zao nyingi.

*Kimo kikubwa.* Inalipa deni. Uso uliolala unaitupa hewa kwa ubavu zaidi, kwa hiyo lazima ikunje kona kubwa, kisha ipige ukuta wa chumba au wa silinda. Wanaojenga injini za mashindano zenye kimo kirefu huenda upande wa pili, digrii 50 na zaidi, wakikubali kupoteza mwanzoni ili wapate kileleni. Na kuna jambo husahaulika: mlango unaofunguka upesi hauchagui upande. Ukiwa na kamshafti kali, ambayo valvu ya hewa na ya moshi huwa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi nao unapata nafasi nzuri ya kurudi kwenye manifoldi, na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

*Uzito.* Haubadiliki.

*Kuziba na kudumu.* Uso wa 45 unajibana kama kabari na kujitafutia katikati, na unasukuma nje masizi madogo. Wa 30 hauna ukali huo, kwa hiyo gaidi zikilegea kidogo tu unavuja. Upande mwingine, msuguano wa uso juu ya siti wakati wa mlipuko ni mdogo, na siti inaliwa polepole. Ndiyo sababu injini nzito za dizeli na za gesi asilia huipenda pembe iliyolala. Gesi ni kavu, haiachi utando wowote wa kulainisha mgongano wa valvu na siti, na madereva wa Dar es Salaam waliofunga mitungi ya gesi kwenye teksi na bajaji wakaona tapeti, ule mwanya mdogo unaoachwa juu ya valvu, zinabana kila baada ya muda wanajua siti inavyozama.

*Mfuko.* Siti mpya au kukata upya, valvu zenye uso wa 30 au zilizosagwa upya, na urefu wa mashina kupimwa moja moja, kwa sababu kila unapokata, valvu inakaa mahali papya na tapeti zinabadilika. Kwa njia hizi nne, hapa ndipo fundi asiye makini anapokugharimu zaidi.

*Inamfaa* injini ya kazi, ya mizunguko ya chini na kimo kifupi, hasa ya gesi.

Ya tano, kwa kupita tu

Kuna valvu yenye ukuta mdogo nusu ya mzingo wake, unaoilazimisha hewa itoke upande mmoja na kuzunguka ndani ya silinda. Inachanganya mafuta na hewa vizuri na inabana kiasi cha hewa kinachoingia. Injini ya CFR, inayotumika duniani kupimia okteni ya petroli, ina valvu ya namna hii, ukuta wake ni wa digrii 180, nayo imezuiwa isizunguke. Kwenye gari lako huna haja nayo.

Kwa hali yako

Hiace ya abiria au Canter ya mizigo, inayopanda Kitonga kwa gia ya pili: baki na umbo la kampuni, siti ya mikato mitatu, na mgongo uchongwe ikiwa hedi imeshafunguliwa. Nguvu unayoitafuta pale mlimani kwanza iko kwenye valvu zinazoziba. Mimina petroli kwenye njia ya hewa, hedi ikiwa imelala na springi zimefungwa, hesabu dakika 5. Ukiona unyevu upande wa chumba, habari ya umbo la valvu isubiri.

Dizeli ya zamani isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser: usiguse pembe. Angalia valvu imezama kiasi gani chini ya uso wa hedi, maana kwenye dizeli ya mgandamizo mkubwa kila sehemu ya milimita inabadilisha nafasi ya kuchoma.

Gari au bajaji ya gesi: kama siti zimeshaliwa na lazima uweke mpya, uliza siti ngumu na digrii 30, kisha ukague gaidi kabla ya kulipa. Kama siti ni nzima, pima tapeti mara kwa mara na uache hedi ilivyo.

Mini, Morris, au pikapu yoyote ya fito yenye njia zilizolala: msumari, na mgongo uchongwe. Hela iliyobaki mpe fundi alainishe kona fupi kwa mkono.

Injini ya mashindano yenye njia zilizosimama na kamshafti ya kimo kikubwa: tulipu, digrii 45 au zaidi, springi za kuendana na uzito. Hapo ndipo lile tarumbeta la kwenye simu linapopata kazi.

Pikipiki ya bodaboda: valvu ni ndogo, hivyo kasoro ndogo ni kubwa. Nunua valvu na gaidi pamoja, pima mgusano kwa wino, na kama mkerezaji wako hana mkono mwepesi, mgongo usichongwe.

Injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Toyota D-4: petroli haipiti nyuma ya valvu kuiosha, mvuke wa oili unaganda mgongoni na kuwa masizi mazito. Nimewahi kutoa valvu ya namna hiyo nikaikwangua kwa bisibisi, na chini ya masizi ikatoka shingo nyembamba ambayo hakuna mtu angeiotea. Hapo swali la tulipu au msumari halipo. Nunua brashi, dawa ya kulainisha masizi, na chukua nusu siku.

Yule mzee wa simu alikuwa na Hiace. Tochi ilituonyesha kona kali na siti mbili zilizoungua. Valvu hakuagiza, tulikata siti, tukachonga mgongo, na boksi lake la kadibodi bado liko hapa juu ya kabati, matundu namba 1 hadi 8.